Sumaku Mfukoni

Odell alinipa sumaku siku ya kwanza,
ndogo, kama kifungo cha koti.
Akasema: katika mtaa huu usiyaamini macho.
Nikaigusisha nguzo niliyodhani ni jiwe.
Ta!
Ikanasa.

Chuma. Ghorofa nne za chuma cha kusubu,
hatua chache kutoka Mto Ohio, hapa Louisville:
majani ya kusubu, mashada ya kusubu,
zabibu ambazo ndege walizikatia tamaa
tangu enzi za mapipa ya wiski na marobota ya tumbaku.
Walinyunyiza mchanga juu ya rangi mbichi
ili chuma kikwaruze kiganja kama jiwe,
ili mwenye duka aonekane wa kale
na deni lake bado halijatimiza mwaka.

Nikacheka peke yangu juu ya jukwaa.
Mimi pia niliandika kwenye fomu: fundi rangi, miaka kumi.
Uvira nilikuwa nauza betri za redio.

Nakwangua. Kijivu. Chini yake kijani cha chupa,
chini yake rangi ya maziwa yaliyoganda, kisha hudhurungi,
kisha ile nyekundu ya risasi tusiyoigusa bila barakoa.
Kila rangi iliapa kuwa ndiyo ngozi.
Na huku chini, kwenye kisigino cha nguzo,
herufi zikaanza kunitazama:
KALIBU YA AHLBRECHT NA WANAWE.
Aliyeshika upawa wa moto hakuandikwa.
Lakini jani la tano lina kinundu
mahali ambapo mtu alibonyeza mchanga
kabla chuma hakijamiminwa.
Nimeweka kidole changu. Ncha kwa ncha.

Ghorofa ya tatu nikachungulia dirishani
nione ndani,
nikaona mawingu.
Moto ulikula nyuma yote, mwaka juzi.
Umebaki uso, umeegemezwa vyuma vipya
kama mgonjwa anayepigwa picha ya pasipoti.
Hoteli inakuja, asema Odell,
wataupachika mgongo.

Nguzo ya mwisho, sumaku ikateleza,
ikadondokea ndoo.
Nikagonga: sauti ya beseni.
Plastiki, na hata kutu yake imechorwa.
"Nayo ipake. Mara mbili."
Nimeipaka mara tatu,
hadi kisigino, ambako hakuna atakayeinama.

Jioni, kwenye basi, sumaku imeng'ang'ania funguo zangu.
Sijamrudishia.