Kasoro Namba 41

Umeme umerudi saa nane za usiku,
Muhungu nzima imepiga miluzi,
friji ya jirani imekohoa.
Nimeamka kuchaji simu, nikafungua kompyuta.

Ujumbe mmoja, wa mtu wa Tabora nisiyemjua:
"Samahani, huu mradi bado uko hai?
Tunauandikia mashine zinazoharibika hospitalini.
Februari hii ina siku ishirini na tisa
na programu yenu inaikataa ya mwisho.
Miaka minne iliyopita tulivumilia."

Tuliuita Daftari, mimi na Zihindula,
tukiuandika Nyawera, chumba kinachonuka sambaza za kukaanga:
programu ya kuandikia kasoro za programu nyingine,
nani kaiona, nani kaichukua, nani kaimaliza.
Msimbo tukauacha wazi, bure,
kama mtu aachaye jembe ukingoni mwa shamba:
anayetaka, alime.

Watu walilima.
Halafu Zihindula akaoa,
halafu mimi nikapata kazi ya kuhesabu magunia ya shirika,
halafu hapakuwa na halafu.

Miaka saba. Kasoro mia mbili na kumi na nne ziko wazi,
zimeandikwa ndani ya Daftari lenyewe.
Mganga hajigangi, nilifundishwa hivyo shuleni
na nikapata alama zote.

Ya 12: kitufe cha kufuta kinafuta jirani yake.
Ya 97: hakuna tatizo, nilitaka tu kushukuru.
(Hata hiyo hatukuifunga.)
Ya 41 ni Februari.
Aliiandika Zihindula,
na chini yake, kwa jina langu:
"Nitaishughulikia wiki ijayo."

Asubuhi nampigia. Anauza betri za jua Kadutu.
"Ile kintu ilikufaka, Nabintu. Uiache ilale."
"Kuna hospitali inaitumia."
Nasikia mteja akibishania bei, mvua juu ya mabati.
"Hospitali ya wapi?"
"Tabora."
"Tabora," anasema, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi.

Si kwamba sijui kufufua. Mstari mmoja unatosha,
na watu wataona taa dirishani, watabisha hodi.
Mgeni siku mbili; mimi nitawalisha nini siku ya mia mbili,
karo ya Ntakwinja haijalipwa,
maji ya Ruzizi yamepungua na umeme unakuja kwa zamu?
Kuna heshima pia katika kufunga mlango,
kuandika juu yake kwa herufi kubwa: HAKUNA MTU,
ufunguo uko chini ya jiwe.
Tulichofanya sisi ni kuuacha wazi
na kuondoka bila kuaga.

Usiku wa pili nasahihisha Februari.
Mistari minne. Miaka minane, mistari minne!
Naandika tarehe 29, nabonyeza,
inapokelewa kimya kimya, kama mtoto aliyechelewa darasani.
Naifunga 41.

Kwa mtu wa Tabora naandika "Ndiyo", nafuta.
Naandika "Hapana", nafuta.
Naandika: "Jaribu sasa."

Simu inatikisika juu ya meza. Zihindula,
saa tisa kasorobo, mtu mwenye duka la kufungua saa moja:
"Neno la siri bado ni lile?"

Zimebaki mia mbili na kumi na tatu.
Simu naigeuza kifudifudi.
Kisha naigeuza tena.