Uniti Sifuri

Zahanati yangu ipo Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
kati ya fundi baiskeli na muuza vitumbua
ambaye wagonjwa wangu humpitia kwanza, hata wenye sukari.
Mlangoni pana kibao: jina langu, shahada yangu,
na chini, kwa herufi ndogo, saa za kazi.
Jina la mwingine halimo.
Miaka sita napita chini yake, sikuliona hilo.

Niliamini uongozi ni koo.
Nikikohoa ukumbini, mafaili yalijipanga.
Viatu vyangu vikilia sakafuni
Semeni wa mapokezi alificha chai chini ya meza,
Shekolowa wa maabara aliinamia hadubini
isiyo na kitu.
Nikajisemea: hawa nimewaweza.

Manesi wanne waliondoka kwa mwaka mmoja.
Nikautania msemo wa mji,
waja leo, waondoka leo,
nikacheka peke yangu.

Kisha ile Jumatatu ya Machi,
joto limekaa begani kama robota la katani,
nafungua friji ya chanjo: taa haiwaki.
Kipimajoto kinasema ishirini na tisa.
Insulini ya mzee Mhina, vichupa vya pepopunda,
vyote vimelala katika maji ya barafu iliyokufa.
Mita ya luku ukutani: sifuri.
Tangu Jumamosi jioni.

Nani alijua?
Kifua nilishakijaza, wa kumfokea nilishamchagua.
Wote walijua.
Mlinzi aliisikia mita ikilia usiku kucha, pi, pi,
akasogeza kiti chake mbali nayo.
Semeni alikuwa na elfu tano kwenye simu.

"Mbona hukunipigia?"
Akatazama vidole vyake.
"Mwezi uliopita nilikupigia, Daktari.
Ukaja, ukasema: kila siku pesa, pesa, mimi benki?
Mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni.
Yule mama akanihurumia."

Kazi yangu ni kusikiliza vifua.
Kifua kikinyamaza, mimi hukimbia.
Zahanati ilinyamaza miaka sita
nikaiita adabu.

Nilitaka kumwita ofisini, nifunge mlango.
Lakini kosa la barazani haliombewi radhi chumbani.
Saa nne, benchi limejaa,
nikasimama palepale nilipomfokea.
Sauti ikatoka nyembamba,
kama ya mgonjwa asiyejua kutaja panapouma.
Nje, mafuta ya vitumbua yaliendelea kuchemka.
Semeni akasema, "Sawa,"
akaita namba iliyofuata.
Sawa ile ilikuwa risiti tu. Niliipokea.

Jioni nikaenda Mabawa kwa baiskeli
na insulini mpya ndani ya chupa ya chai yenye barafu.
Mzee Mhina akauliza, "Nani kazembea?"
"Mimi."
Akauliza tena, akingoja jina la nesi.

Sasa saa moja na nusu asubuhi tunasimama duara,
dakika kumi, kahawa chungu mkononi.
Mimi husema mwisho.
Mtu asidhani ni rahisi: ulimi huwasha,
majibu hujipanga mlangoni mwa meno.
Wiki ya kwanza walisifu hali ya hewa.
Wiki ya tatu, Bi Zaituni wa usafi, ufagio kwapani:
"Daktari, mwandiko wako hausomeki.
Nawasikia dirisha la dawa wakibahatisha."
Wakabahatisha! Kwa miaka mingapi?
Nikameza kahawa, nikauliza, "Tangu lini?"
tena kwa sauti ya kuuliza.

Pesa ya luku ipo kwenye kopo la maziwa,
ufunguo wa kabati anao Semeni, haombi ruhusa.
Fundi rangi anataka elfu arobaini kuongeza majina kibaoni;
kwa sasa tumeyaandika kwa chaki,
mvua ikinyesha tunayaandika upya.

Wala sijapona.
Jana majibu ya malaria yalichelewa,
nikaingia maabara, viatu vikilia, kifua juu.
Shekolowa hakuinama.
Akanitazama, kijicho cha hadubini bado kimemchora duara usoni,
akasema taratibu,
"Daktari. Koo."

Nikalimeza.