Viraka Saba

Mjomba Nalyoto kapaka viraka saba
kwenye ukuta wa Bi Rukaiya, hapa Shangani,
kila kimoja upana wa kitabu kilichofunguliwa,
ili mwenye nyumba achague.
Chini yake kaandika kwa penseli majina kama yalivyo koponi:
Mtindi. Pumzi. Ukungu wa Alfajiri.
Jivu la Kwanza, Jivu la Pili,
Mchanga Uliolala.
Na cha mwisho, bei mara mbili ya vingine,
kimeletwa na basi la usiku kutoka Dar:
Udongo wa Kale.

Alichovya kidole, akanusa, akacheka peke yake.
"Udongo! Mama aliuchimba nyuma ya choo
kule Kitangari, akaukanda kwa maji
(na maji yenyewe ya kununua, huko juu)
akausiriba kwa kiganja kila Ramadhani ikikaribia.
Tulipopata hela tukaufunika kwa chokaa
tusichekwe.
Leo umerudi, una mfuniko na risiti."

Mimi pia napaka, ila vioo.
Chama cha msingi kimeniagiza kurasa za simu
mkulima aone kilo zake za korosho ghalani,
daraja, bei ya mnada, makato, siku ya malipo.
Nikafuata wanayofuata wenzangu mwaka huu:
weupe mwingi, pembe za mviringo,
vitufe vinavyojificha mpaka uviguse,
herufi nyembamba za kijivu juu ya kijivu mwenzake.
Nafasi, tunasema, inapumua.
Nikapanda nayo Kitangari, nina furaha ya kijinga.

Bi Somoe Lichumbu aliishika simu uani, saa sita,
jua la Oktoba limesimama juu ya magunia.
Akaigeuza. Akaifuta kwa pindo la kanga.
"Mwanangu, hapa umeandika au umefuta?"

Nilitaka kumweleza habari za utulivu wa jicho.
Yeye alikuwa akitafuta laki nane na elfu kumi.

Usiku nikamsimulia mjomba.
Hakunipa methali. Aliniuliza bibo likiiva lina rangi gani.
Jekundu, nikasema, mengine manjano.
"Na nani alimfundisha mtoto kuliona kwenye majani?"
Akarudi kwenye maharage yake.

Kitufe cha malipo nikakivika wekundu wa bibo.
Herufi nikazinenepesha, nikazitia weusi wa masizi.
Mkuu wa kazi akaandika kutoka Dodoma:
inaonekana ya zamani.
Sijamjibu.

Bi Rukaiya naye kabomoa ukuta wa jiko.
Kaona picha: sebule na jiko chumba kimoja,
kochi la chini, katikati patupu,
kijiti kimoja kikavu ndani ya chupa.
Dada yake alipokuja akazunguka, akazunguka,
akauliza: sasa mtu akitaka kulia, alilie wapi?
Hakuna aliyejibu. Changu walikuwa kikaangoni,
na harufu yao ilishakaa kwenye kochi jeupe
kabla ya mgeni yeyote.

Leo viraka bado ni saba.
Mwenye nyumba kaenda harusini Masasi, hajachagua.
Mjomba karudia mkono wa pili wa Udongo wa Kale,
asiwe na la kulaumiwa,
kaosha brashi, kapindua ndoo, kaikalia.
Nasma wa jirani, miaka mitatu, akausogelea ukuta.
Akagusa Pumzi kwa kidole. Akangoja.
Akagusa Mchanga Uliolala. Akangoja.
Akagusa Udongo wa Kale, ungali mbichi,
akakitazama kidole chake, chekundu,
akakimbia nacho kwao
akipiga kelele kwamba kimefunguka.