Laini ya Pili

Usiku simu ilijisasisha yenyewe.
Saturnina amelala, simu iko chini ya mto,
inanyonya umeme kama ndama gizani.
Alfajiri ikamwamkia na sura ngeni:
saa imenenepa, rangi zimefifia,
na pale juu mistari minne ya mtandao
imesimama wima kama askari wa lango,
haingii mtu, hatoki mtu.

Alhamisi, El Alto. Soko limemwagika hadi kwenye reli.
Ana magunia sita ya chuño,
viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu,
vikaanikwa mpaka vikawa vyepesi kama vizibo.
Na siku hizi nani anatembea na noti?
Wateja wananyoosha simu, wanataka kile kimraba cha madoadoa,
wakipige picha, walipe, waende zao.
Kimraba hakifunguki.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Mimi jirani yake, nauza vifungo na zipu.
Ujuzi wangu wa simu ni huu: zima, washa.
Tukazima. Tukawasha.
Ikaimba wimbo wa kampuni, ikatukaribisha,
data hakuna.
Muuza jibini akasema, iweke katika hali ya ndege,
hesabu hadi thelathini, kisha uitoe.
Tuko mita elfu nne juu ya bahari, nikamjibu,
ikipaa zaidi ya hapa itagonga mlango wa Mungu.
Hata hivyo tukahesabu.
Mwingine akasema bando limekwisha.
Halijaisha! Limenunuliwa jana, ujumbe huu hapa, soma.
Saturnina akavua hereni,
kwa ncha yake akafungua kijidroo,
akazipuliza laini zote mbili kama anayepoza uji,
akazirudisha.
Kiduara.

Mteja wa gunia zima akaondoka.
"Narudi," alisema.
Nikacheka. Sokoni neno hilo lina maana moja.

Saa tano akaja Limberth, kijana wa kubadilisha vioo,
gundi imemkaukia vidoleni.
Hakuuliza kitu. Akaingia kwenye mipangilio
kama mtu aingiavyo jikoni kwa mama yake,
akafunua hiki, akafunika kile,
akasimama.
"Mama, una laini mbili."
"Najua."
"Sasisho limejichagulia laini ya data. Limechagua ya pili,
na ya pili haijawekwa salio tangu Machi ya mwaka juzi."
Akakisogeza kioo karibu na macho.
"Primitivo ndiye nani?"

Hapo nikaanza kupanga vifungo vyangu,
vyekundu na vyekundu,
ingawa vilikuwa vimepangwa.

Primitivo nilimjua.
Alibeba magunia hayo mawili kwa mpigo,
na kwangu alikopa zipu moja ya koti, hakulipa.
Laini yake iliingizwa mle wiki ya mazishi.
"Nafasi ilikuwa tupu," mkewe aliniambia,
kana kwamba anazungumzia kiti.
Asubuhi nzima, basi, simu ilikuwa inambishia hodi yeye.
Kila aliyesimama mbele ya magunia na mkono umenyooka
alikuwa anangoja Primitivo aitike.

"Niitoe?"
Saturnina alikuwa anarudisha hereni sikioni,
tundu halionekani, ncha inateleza.
"Iache humo humo. Data ipitie kwangu."

Mguso mmoja tu.
Ujumbe wa tangu jana usiku ukaanguka wote kwa pamoja,
simu ikatetemeka juu ya gunia
mpaka viazi viwili vikabiringika chini.
Kimraba kikafunguka, cheusi na cheupe, kimetulia.
Limberth akataka boliviano tano,
akapewa tano na chuño ya kujaza kofia.

Na yule wa gunia zima, niliyemcheka,
alirudi saa tisa.
Akaomba apunguziwe.
Saturnina hakumpunguzia hata senti.