Pale pa Kugeuzia

Nimeinunua Makoroboi, kwa Fidelisi,
chini ya mwamba uliopakwa tangazo la mabati:
sidii moja, nyimbo kumi na nane za Kitangiri Jazz,
"zimesafishwa", ndivyo kasha linavyosema,
kana kwamba zilikuwa na matope.

Na nyumbani, ndani ya sanduku la bati la mama,
ipo santuri yenyewe, ndogo, ya wimbo mmoja,
tundu lake kubwa kama jicho la sangara.
Baba aliichongea kizibo cha mninga
ikae katikati, isilewe.
Kwenye duara la karatasi, kwa wino wa bluu:
Mali ya Nkwimba. Haiazimwi.
Iliazimwa. Mkwaruzo wa Shija wa Igogo ungalipo,
ubeti wa tatu, unaruka kama chura.

Leo nimezisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine,
daftari mkononi, kama karani wa mizani.

Kwenye sidii, besi inasikika. Sikuwahi kujua kuna besi.
Miaka arobaini nimeupenda wimbo usio na miguu,
leo nauona unatembea.
Hilo nakiri. Sitaki kuwa mtu wa zamani, zamani.

Lakini unakimbia.
Unaimbwa kama na mtu anayewahi kivuko cha Kamanga,
viatu mkononi.
Nimepiga hesabu: kosa si lao, ni letu.
Gramafoni yetu ilikula betri sita,
betri za kuanikwa juani juu ya jiwe
zipate nguvu ya kuimaliza Jumapili,
kwa hiyo mwimbaji wangu alikuwa mtu wa makamo,
sauti nzito, huzuni za kumtosha.
Huyu wa sidii ni kijana wa miaka ishirini na miwili.
Sijatambulishwa kwake.

Wamefuta kikohozi kabla ya gitaa la kwanza.
Wamefuta kiti kilichoburutwa.
Wamefuta ule mlio wa sato akiingia kwenye mafuta,
ambao utotoni nilidhani ni ala,
nilidhani kuna mtu analipwa kuupiga.

Hayo ningeyasamehe.

Ila wimbo ulikuwa mrefu kuliko santuri.
Waliukata: huku Sehemu ya Kwanza,
nyuma yake Sehemu ya Pili.
Gitaa linapanda, linapanda, linafika pale pa kumwagika,

kimya.

Mtu ainuke, aondoe sumuni, ile ya sungura,
inayokalia kichwa cha sindano isiruke,
ageuze, apulize vumbi, arudishe sumuni, ashushe.
Kwa Shangazi Holo, Kirumba, mwaka sabini na tatu,
sakafu nzima ilisimama ikisubiri,
mikono ya watu ingali viunoni mwa watu,
hakuna aliyejua aiondoe au aiache.
Ndani ya kimya hicho baba akasema,
"Mimi Lubinza. Napima pamba."
Na mama, kwa kuwa hapakuwa na muziki
wa kusingizia kwamba hakusikia,
akalazimika kujibu.

Kwenye sidii wamepaunganisha.
Fundi mwenye masikio mema amekata, akashona,
hata ukipapasa huoni mshono.
Gitaa linapanda, linamwagika, safari inaendelea.
Dakika sita, sekunde kumi na moja,
na hamna upenyo wa mtu kutaja jina lake.

Jioni nimempigia mama.
Amesikiliza macho yamefumba, kidole kikigonga goti.
Dakika ya tatu mkono wake ukainuka wenyewe,
ukabaki hewani.
"Mbona hawageuzi?"

Nikabonyeza kitufe, nikausimamisha wimbo.
Nikahesabu kimoyomoyo. Kumi na tisa. Ishirini.
Mama alikuwa ameelekea upande wa mlango,
kwenye kiti ambacho hatukukitoa.
Kisha akasema, "Haya."