Ziwa Halikukauka

Wageni hudhani heroe waliondoka Nakuru kwa kiu.
Hapana. Ziwa halikukauka, lilijaa.
Maji baridi yalishuka vilimani mwaka baada ya mwaka,
yakameza lango la mbuga, yakaingia Mwariki hadi uvunguni mwa vitanda,
na ile chumvi iliyowalisha ndege
ikawa nyepesi kama chai ya mwisho wa mwezi.
Wingi ndio uliowafukuza.

Nalielewa hili kwa sababu nilikuwa mhariri wa Mkongo.

Tulianza watatu, juu ya duka la mbegu za viazi.
Muchiri alikuwa na bisibisi,
Jerotich alikuwa na madaftari, mimi nilikuwa na mdomo.
Simu mpya ikitoka, tunachanga, tunainunua, tunaibeba.
Jerotich aliipeleka moja Molo kwenye baridi
aone betri itamudu hadi lini. Akaandika:
"Imekufa saa tisa na dakika kumi, nikingoja gari.
Saa yenyewe nimeambiwa na muuza karoti."
Watu waliisoma sentensi ile kama barua ya nyumbani.
Yeyote aliyetafuta habari za simu alitukuta sisi kwanza.
Hatukujua ni kwa nini. Hatukuuliza.

Ndipo mwenye mtaji akaja na orodha:
maneno elfu mbili ambayo watu huyatafuta usiku.
Kila neno lipikiwe makala. Arobaini kwa siku.
Waajiriwe vijana kumi na wawili, walipwe kwa urefu.
Na anayelipwa kwa urefu ataandika kifupi?
Swali likakaa kwenye kichwa cha habari, jibu aya ya kumi na tisa,
katikati tangazo, tangazo, tangazo,
ukurasa unaruka kama kuku aliyekatwa shingo,
na kile kialama cha kufungia
kidogo kuliko chawa, kimejificha vilevile.
Tulizisifu simu ambazo hatukuwahi kuzishika.
Tukawakodishia kona watu wa kamari.
Nami kila Januari nilibadilisha tarehe.
Narudia, nisije nikamsingizia mtu: nilibadilisha tarehe.
Maneno yaleyale. Maiti ileile, sanda mpya.

Jumanne moja mstari ukaanguka kwenye skrini.
Haukuteremka. Ulianguka.
Mwenye mtaji akafoka: mtambo wa utafutaji umetuonea!
Una makosa yake, siutetei.
Siku hizi unajibu wenyewe, palepale juu,
umekula tulichopika na mgeni hafiki mlangoni.
Lakini Jerotich, akifunga madaftari yake kwa kamba ya katani,
aliuliza tu:
"Wewe mwenyewe ukitaka simu, husoma kwetu?"

Nilitazama dirishani.
Wiki ile ile nilikuwa nimemuuliza Muchiri,
tuliyemwachisha kazi mwaka juzi
kwa kosa la kufungua simu moja siku nzima.

Heroe walikwenda Bogoria. Hawakuandika malalamiko.
Ndege haandamani, haombi kikao;
anaruka,
nawe unabaki ufukweni unasifu jinsi maji yalivyo mengi.

Muchiri sasa ana kibanda nyuma ya Top Market.
Foleni yake inafika kwa wauza mitumba,
naye bado mpole, bado anapuliza vumbi kwa mdomo
kabla ya kumwambia mtu bei.

Jana nilifungua hesabu za Mkongo kabla hatujazima taa.
Kati ya waliopotea njia wakatuangukia
kulikuwa na kumi na mmoja walioandika jina letu,
herufi kwa herufi,
wakitafuta ile ya Molo, ya muuza karoti.
Niliifukua chini ya tangazo la kamari.
Tangazo nikalitoa.
Tarehe nikairudisha ile ya kweli,
ya miaka tisa iliyopita,
nikaiacha hapo, kuukuu, na baridi yake.