Umerudi

Hapa Winipegi umeme haukatiki.
Mwaka wa tisa huu, taa ni taa, friji ni friji,
na mafriji ya watu ndiyo ninayotengeneza:
kazi ya baridi katika nchi ya baridi,
anasema dada yangu Wadad, akacheka hadi akakohoa.

Nchi yenyewe ni bapa kama sinia.
Nilikotoka, ukipotea unainua macho:
mlima ule pale, basi kwetu ni upande huu.
Hapa jicho linakwenda, linakwenda,
halina pa kuegemea,
mwisho linachoka, linarudi kwenye viatu.
Theluji. Chumvi ya barabarani. Kamba za viatu zimekakamaa.

Usinionee huruma, sijambo.
Lebne yangu naitundika kwenye bomba la bafuni,
mtindi ndani ya foronya kuukuu,
unatona usiku kucha, to, to, to,
na hiyo ndiyo saa yangu ya ukutani.
Asubuhi naitandaza kwenye sahani,
naichimba kidimbwi kwa mgongo wa kijiko,
namimina mafuta ya zeituni ya Kusba
aliyonibebea binamu Fawaz katika chupa ya shampuu,
ndani ya soksi, ndani ya suruali, ndani ya sanduku,
na bado yalivuja,
na bado shati lake la harusi linanuka shamba la babu.
Amekataa kulifua.
Ningekuwa yeye, nisingelifua.

Mwezi wa pili niliitwa dukani kwa Wafilipino,
jokofu lao linalia kama paka.
Mkono umezama barafuni hadi kwapani
nikakutana na mlenda.
Mlenda! Pakiti ngumu kama tofali,
jina juu yake silo tunaloliita sisi,
lakini jani ni jani.
Bibi Erlinda akauliza, "Kwenu nako mnaula?"
Kwa kuku, nikamwambia, vitunguu saumu vingi, giligilani, na wali.
"Sisi kwa kamba," akasema.
Tukatazamana kama watu waliogundua ukubwani
kwamba walinyonya ziwa moja.
Sikumtoza. Akanipa pakiti sita.

Lakini liko jambo simwambii mtu.

Kila jioni, saa kumi na mbili,
naliendea boksi la umeme nyuma ya mlango
naishusha swichi kuu.
Giza. Friji inakata roho.
Na hapo nausikia ule upenyo mfupi wa kwetu
kabla Abu Khattar hajawasha jenereta lake:
baba anapapasa kiberiti,
lifti imekwama kati ya orofa ya nne na ya tano,
na ndani yake mwalimu Jumana
anaitukana serikali kwa Kiarabu fasaha,
sarufi haina hata doa.

Nililichukia giza lile. Sitadanganya.
Nilipanda ndege kwa sababu yake,
yake na ya benki iliyomeza akiba ya baba
ikafuta mdomo.
Sasa nalinunua mwenyewe, kidogo kidogo,
kama mvutaji aliyeacha, anayenusa pakiti.

Nahesabu hadi ishirini.
Napandisha swichi.
Na kwa sauti ya jengo zima,
orofa saba, watoto kwenye ngazi, mashuka kwenye roshani,
mimi peke yangu na soksi zangu
napiga ukelele: Umerudi!

Jana nilisahau kukata simu.
Kule ilikuwa saa nane za usiku;
Mama yuko macho, anafua,
maana ndiyo saa wanayopewa.
Nilisikia mashine yake ikinguruma,
kisha nikasikia ameizima
ili anisikie vizuri.

"Umerudi?" akauliza.

Nyuma yangu friji ikaguna, ikashika kazi yake.

"Bado, Mama," nikasema.
"Ni umeme tu."